Naomba ushauri: dawa gani ya kutoa rangi kwenye ndege ndogo?

Wakuu, habari za kazi. Niko Tabora, nasaidiana na fundi mwenye leseni kuipaka upya Cessna 206. Kuvua rangi ya zamani ndiyo kazi niliyokabidhiwa, na nina wasiwasi nayo.

Chini ya bawa la kushoto rangi imefura kama malengelenge. Ukipitisha kucha inabanduka, na ndani unaona unga mweupe wa kutu ya alumini umejipanga kando ya riveti. Kwa hiyo kupaka juu kwa juu haiwezekani.

Muuzaji mmoja ananishawishi nichukue dawa yenye methilini kloraidi. Ni kweli inabandua kwa dakika chache, lakini mvuke wake unaua mtu kwenye chumba kisichopitisha hewa, na maski ya kawaida haiuzuii. Marekani walipiga marufuku dawa hizo kuuzwa kwa watu wa kawaida tangu 2019. Mwingine kanipendekezea kostiki soda; hiyo nimeikataa palepale, inakula alumini.

Moyo wangu uko kwenye zile za alkoholi ya benzili. Tatizo zinataka saa nyingi, na kwa jua la huku zinakauka kabla hazijalainisha chochote. Aliyewahi kuzitumia, je, kufunika kwa nailoni kunatosha, au nifanye kazi usiku? Na kwenye maungio ya mabati mnazibaje ili dawa isipenye ikabaki humo? Vioo na ncha za mabawa za faiba nitavifunika kwanza.