Semina ya Montessori, tableti au zana za mbao: laki nne iende wapi?

mama_kituo
Wakuu, habari za majukumu. Nina kituo cha watoto hapa Dodoma mjini na nimebakiwa na laki nne ya kuwaendeleza walimu wangu kabla hatujafungua Januari. Nipo njia panda. Kuna semina ya Montessori, ule ufundishaji wa mtoto kujifunza kwa kushika vitu mwenyewe, ina cheti, nimpeleke mwalimu mmoja. Au ninunue tableti, walimu wawe wanapakua masomo na video. Au nichukue seti ya zana za mbao za dukani. Wenye uzoefu nisaidieni. Nawasilisha.

ticha_kibaigwa
Mama, bado hujatuambia kitu. Watoto wa umri gani, wangapi? Walimu wamesomea ualimu au ni mabinti waliomaliza form four? Kituo ni cha kulelea watoto mchana au ni darasa la awali? Cha kulelea unashughulika na Ustawi wa Jamii, awali ni Wizara ya Elimu. Mdhibiti ubora wa shule akija hakuulizi Montessori, anakuuliza andalio la somo liko wapi.

zabibu_chungu
Na ni Kiswahili au English medium? Hapo ndipo hela inapokwenda.

mama_kituo
Nilikuwa nawagawia uji. Ni cha kulelea, watoto 38, wadogo kabisa wana miaka miwili na nusu, wakubwa mitano. Walimu wawili, mmoja ana cheti cha ualimu, mwingine anajifunzia kazini. Tunafundisha Kiswahili, ila wazazi wanataka wasikie "good morning teacher" getini.

dada_ipagala
Kuhusu semina nisikilizeni mimi. Mwaka jana mwajiri alitulipia ya wiki nzima, siwataji jina. Ukumbi, viti vya plastiki, feni moja na joto la Novemba mnalijua. Mkufunzi anasoma slaidi za Kiingereza neno kwa neno, akimaliza anasema "tumeelewana?" Zana zenyewe, ule mnara wa pinki na zile silinda, zilikuwa ndani ya kabati la kioo. Ruksa kupiga picha, kushika hapana. Mtoto hatukumwona hata mmoja wiki nzima! Siku ya mwisho soda na kipande cha keki, cheti kikatumwa WhatsApp, jina la mwenzangu limekosewa. Tunataka nakala ya karatasi? Elfu thelathini. Tumerudi darasani hatujui hata uanze vipi kumfundisha mtoto kumimina maji bila kumwaga. Jina Montessori halina mwenyewe, mtu yeyote anaweza kulibandika kwenye bango lake. Kabla hujatoa hata mia, uliza mwalimu atakaa na watoto siku ngapi.

mwl_wa_masista
Samaki mmoja akioza sio wote wameoza, dada. Mimi nimesoma Montessori kwa masista, mwaka mzima na mazoezi ya kufundisha juu. Halafu mnaifanya kitu cha kishua. Maria Montessori alianzia Roma mwaka 1907 na watoto wa mtaa wa maskini. Kumimina, kufunga vifungo, kupanga vitu kuanzia kikubwa hadi kidogo, vyote vinafanyika kwa vikombe na beseni. Ila semina ya siku tano? Hapana, hiyo sitetei.

bando_unlimited
Tableti. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina vitabu bure. Wale wa shirika la Ubongo wana katuni za Kiswahili za watoto wa miaka 3 hadi 6, pakua usiku bando likiwa rahisi. Kazi imeisha.

ticha_kibaigwa
Kazi haijaisha, mkuu. Mwongozo wa WHO wa 2019 unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja ya skrini kwa siku, ikiwa pungufu ni bora zaidi. Tableti moja watoto 38, watafanya nini kama si kugombana? Iwe ya mwalimu kusomea. Na mama, kwa awali kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, wewe wako ni wadogo zaidi. Mimi ningetafuta mlezi wa tatu.

mama_kituo
Mlezi wa tatu kwa laki nne? Atakula miezi mingapi?

mwl_wa_masista
Nenda kwa Afisa Elimu Kata umwombe huyo mwenye cheti akae kwenye vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu wa shule ya msingi jirani wanakutana humo. Akikubali hutoi hela. Na kwa Ustawi halmashauri uliza mafunzo ya MMMAM (malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto), ndiyo yanayogusa umri wa watoto wako.

zabibu_chungu
Zana za dukani msahau. Vizibo, magunzi, mbegu za ubuyu, Dodoma yote imejaa.

dada_ipagala
Mbegu za ubuyu kwa mtoto wa miaka miwili na nusu? Zitaishia puani, na utakayekimbia naye hospitali ni wewe. Wadogo wape magunzi na vifuu. Mbegu wape wa miaka mitano, mwalimu akiwa amekaa nao.

bando_unlimited
Wazazi wa Dodoma ya sasa wakikuta magunzi watahamisha watoto waende English medium.

zabibu_chungu
Wahame. Mtoto hajui kutaja goti kwa Kiswahili unamfundisha "knee"?

bando_unlimited
Wa kwako anasoma wapi, mkuu?

zabibu_chungu
Hayo ni ya nyumbani kwangu.

mwl_wa_masista
😂😂 Ameshikwa.

mama_kituo
Jamani rudini. Nimeongea na mwenye semina, nikauliza mazoezi na watoto ni siku ngapi, akasema atanipigia. Semina nimeiweka pembeni kwanza. Ila hata nikikusanya hizo magunzi nitaziweka wapi, kona zangu hazina rafu, vitu vyote viko kwenye maboksi na vumbi la huku mnalijua.

ticha_kibaigwa
Rafu ziwe fupi, mtoto achukue na kurudisha mwenyewe. Zipigiliwe ukutani zisimwangukie.

dada_ipagala
Kuna fundi seremala maeneo ya Sabasaba alitutengenezea za mbao za mapaleti, kingo kazipiga msasa vizuri.

bando_unlimited
Anatengeneza na vitanda? Nipe namba inbox.