Mashine ya kahawa ya Yaya Nabintu

*Kikundi cha jamaa, Bukavu. Alhamisi.*

Yaya Nabintu, 07:26
Jamaa, habari za asubuhi. Ninaandika nikiwa nimesimama jikoni, viatu tayari miguuni, na ile mashine ya kahawa aliyotutumia Aganze kutoka Marekani ndiyo kwanza inamalizia matone yake ya mwisho. Niliipanga ianze saa kumi na moja na nusu alfajiri, nayo imeanza saa moja na dakika kumi na mbili, wakati ambapo nilipaswa kuwa njiani kwenda kazini. Hii ni mara ya nne wiki hii. Zawadi, nimekwisha kukuambia kwamba vitufe vile si vya kuchezea.

Baba Mdogo Cikuru, 07:40
Nabintu mwanangu, kahawa ya Idjwi tuliinywa tangu utoto bila kuipangia saa. Mama yetu aliikaanga kwenye sufuria, akaitwanga kinuni, akaichemsha, na anayetaka kunywa mapema aliamka mapema. Mimi nilisema tangu siku mliponunua transfoma ya kuushusha umeme wetu uifae mashine, pale Nyawera kwamba chombo kinachohitaji chombo kingine ili kiweze kufanya kazi kitawapa kazi ninyi.

Mama Mkubwa Vumilia, 08:15
Huenda kosa ni kahawa yenyewe. Ikitwangwa mno inakuwa kama unga wa muhogo, inaziba karatasi ya kuchujia, na maji yanakosa pa kupita.

Yaya Nabintu, 12:32
Mama Mkubwa, hilo lilitupata wiki ya kwanza, kahawa ikafurika pamoja na machicha yake hadi mezani, nikafuta kwa taulo mbili. Tangu hapo tunaisaga iwe chembechembe kama mchanga wa ufukweni, gramu 60 kwa lita moja ya maji, na inapita vizuri sana. Shida si jinsi inavyotoka. Shida ni saa inayoanzia.

Aganze, 14:05
Yaya, nimeamka nikakuta malalamiko. Mimi ninayo mashine ya aina hiyo hiyo hapa kwangu, nilizinunua zote mbili siku moja, na yangu haijawahi kuchelewa hata dakika moja. Chini yake kuna kibandiko chenye maandishi ya 120 V, 60 Hz na 900 W. Je, transfoma yenu inaweza kubeba mzigo huo?

Yaya Nabintu, 14:20
Transfoma ni ya wati 1500, na hata joto haipati.

Mugisho, 14:48
Yaya, shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa juu ya ngazi kwa mteja huko Kadutu. Kabla hatujamhukumu mtoto, ninaomba unijibu mambo mawili: je, saa ya mashine huirekebisha kila jioni, na je, kila asubuhi kahawa hutoka wakati ule ule?

Yaya Nabintu, 15:10
Marahaba, mdogo wangu. Naam, ninairekebisha kila jioni saa tatu kamili, kwa sababu mchana umeme hukatika na ukirudi ninakuta 12:00 inawaka na kuzimika. Ukikatika usiku, hatupati kahawa kabisa. Hilo nimekwisha kulizoea na silihesabu. Asubuhi ambazo umeme umekesha, imetoka saa moja na dakika kumi na mbili mara tatu. Jumatano peke yake ilitoka saa moja kamili, na sasa ninakumbuka kwamba Jumanne nilirudi nyumbani nimechelewa, nikairekebisha saa nne usiku.

Mugisho, 15:16
Umerekebisha kwa kuchelewa saa nzima, na kahawa imewahi kwa dakika kumi na mbili. Mtoto anayechezea vitufe hana hesabu nzuri namna hiyo. Leo saa mbili kamili usiku, Zawadi alinganishe saa ya mashine na simu, kisha asiguse kitu chochote hadi saa tatu, halafu atuandikie anachokiona.

Zawadi, 21:01
Shikamooni wote. Simu inaonyesha 21:00 na mashine inaonyesha 8:50. Sikugusa kitu, nilikaa hapo mezani na daftari langu, na Shangazi alikuwa ananiona.

Baba Mdogo Cikuru, 21:04
Dakika kumi zimekwenda wapi?

Mugisho, 21:13
Zimebaki Marekani, Baba. Umeme wa majumbani hauendi mkondo mmoja kama wa betri. Unakwenda na kurudi, na kwao hufanya hivyo mara 60 kila sekunde, ndiyo ile 60 Hz ya kibandikoni, lakini huku kwetu ni mara 50. Zipo saa zenye kijiwe chao ndani cha kuhesabia wakati, na hizo hazijali zimechomekwa wapi. Hii ya Yaya ni ya aina nyingine: inahesabu mapigo ya umeme unaotoka ukutani, ikifikisha 60 inasema sekunde moja imepita. Kwa kuwa huku inapata 50 tu, inalazimika kungojea kumi zaidi, na hivyo katika kila saa moja ya kweli yenyewe inahesabu dakika 50. Transfoma inashusha nguvu ya umeme kutoka volti 220 hadi karibu 120, lakini idadi ya mapigo inaiacha kama ilivyoikuta. Ndiyo maana mashine haikuungua, na ndiyo maana inachelewa. Tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na moja na nusu ni saa nane na nusu. Ili mashine izihesabu zote inahitaji saa kumi na dakika kumi na mbili za kwetu.

Aganze, 21:17
Na mimi niliyejisifu kwamba yangu haichelewi!

Baba Mdogo Cikuru, 21:19
Sasa ikiwa mapigo ni machache, maji nayo si yatachelewa kuchemka?

Mugisho, 21:23
Hapana, Baba, kupasha moto hakutegemei mapigo. Ndani yake hamna hata pampu: maji yanashuka kwenye kibomba kilichoshikamana na waya wa moto chini ya ile sahani, yanachemka humo, na mapovu yanayasukuma kidogo kidogo hadi juu ya kahawa. Mlio ule wa kukoroma mnaousikia ndio mapovu hayo. Kahawa inapikwa sawasawa. Ni saa tu inayodanganya, na inadanganya kwa kipimo kile kile kila siku, kwa hiyo tunaweza kuitangulia. Zawadi, ikiwa utairekebisha saa tatu na nusu usiku huu na unataka kahawa saa kumi na moja na nusu alfajiri, uiandikie saa ngapi?

Zawadi, 21:26
Ni saa nane za kweli, na kila moja mashine inaihesabu dakika 50, kwa hiyo itahesabu dakika 400, yaani saa sita na dakika arobaini. Nikirudi nyuma kutoka 5:30 ninapata 10:50 ya usiku. Na ile taa ndogo ya PM lazima iwe inawaka, la sivyo haitakuwa usiku.

Mama Mkubwa Vumilia, 21:28
Huyu ndiye aliyeshutumiwa kuchezea vitufe.

Yaya Nabintu, 21:33
Zawadi, nimekukosea, na kwa sababu nilikutaja mbele ya wote, ninakuomba radhi mbele ya wote. Ameiandika 10:50 saa tatu na nusu kamili, tukiwa wawili jikoni. Tumeweka maji ya vikombe sita, na kahawa imo kikapuni.

Aganze, 21:36
Yaya, ninaweza kukutafutia nyingine ya volti 220.

Yaya Nabintu, 21:38
Acha kwanza. Hii nimekwisha kuijua uongo wake.

Baba Mdogo Cikuru, 21:40
Usiitupe chupa yako ya chai. Umeme ukikatika usiku wa manane, hesabu ya mtoto haitachemsha maji.

*Ijumaa.*

Zawadi, 05:31
Imeanza. Ninaisikia inakoroma.

Aganze, 05:33
Safi sana! Huku ndiyo ninakwenda kulala. Na Yaya anasemaje?

Zawadi, 05:34
Shangazi naye anakoroma.