Bima ipi inafaa mtoto mwenye kisukari?

Mama Baraka, Nakuru: Hamjambo wadau. Kijana wangu ana kisukari aina ya kwanza, hudungwa insulini kila anapokula. SHA, bima ya afya ya serikali, tunayo; baba yake hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Sasa ajenti wa bima ya kibinafsi anataka nitie sahihi wiki hii. Niangalie nini? Vijiti vya kupima sukari ndivyo vinavyotumaliza.

Mfamasia: Dada, usivutiwe na mamilioni wanayoahidi mtoto akilazwa. Pesa yako inaishia kwenye matibabu bila kulazwa: insulini, vijiti, kipimo cha HbA1c (wastani wa sukari kwenye damu) kila miezi mitatu. Muulize, akujibu kwa maandishi: magonjwa sugu yamewekewa kiasi gani, na utangoja miezi mingapi kabla hayajaanza kulipiwa? Na SHA usiiache, ni ya lazima kisheria.

Shangazi, Voi: Kwenye fomu andika ugonjwa wote, hata ajenti akikuambia uache. Watu wa bima wakigundua ulificha, watakataa kulipa mtoto akiwa wodini. Nimeliona hilo kwa jirani, iliniuma sana.

Mama Baraka: Nimempigia. Insulini imo, vijiti havimo. Sitii sahihi.