Dashkam kwa gari: tupeane uzoefu, yako ilikuangusha wapi?

FielderNaks, Nakuru
Wadau habari za jioni. Naanza na yangu ndio mtu asione haya kuleta yake. Dashkam, ile kamera ya kwa windskrini inarekodi barabara, niliweka mwaka jana, kila nikipita Londiani Junction nakumbuka ile ya 30 Juni 2023, lori likaingia kwa matatu na watu waliokuwa wanauza kando ya barabara, zaidi ya watu 50 wakaenda siku moja, nikasema mimi hii barabara naipiga kila wiki lazima niwe na jicho la pili. Fundi akafunga nusu saa, taa ya bluu ikawaka, nikasahau. Kwangu taa ikiwaka kamera inafanya kazi.

Basi juzi niko Salgaa kwa foleni, kamlima kadogo tu, pikapu ya mbele ikarudi nyuma ikanipiga bonati na taa ya kushoto. Dereva anashuka akifoka ati mimi ndio nimemgonga kwa nyuma, na ukiangalia tu venye magari yamesimama hata mimi ningemwamini yeye. Nikamwambia bila presha, boss ngoja tuone sinema. Tukaingia saiba ya hapo karibu, umati unatufuata, kadi ya memori ya kamera ikawekwa kwa kompyuta, video ya mwisho ni ya miezi minne nyuma gari ikioshwa. Dakika tatu za kijana anapangusa windskrini huku anaimba. Watu walicheka hadi mwenye saiba akasahau kunitoza. Nikalipa taa yangu na bampa yake.

Sasa leteni zenu, mlifunga aje na ikawaletea shida gani.

WayaKibuye, Kisumu
Omera pole. Hapo kamera haina makosa, ni kadi. Mimi hufunga hizi vitu hapa Kibuye na zile nyingi zinarudishwa ati zimekufa nabadilisha kadi tu mtu anaenda.

Hesabu iko hivi. Kamera ya 1080p, ile ya picha ya HD, inakula kama giga sita hivi kwa saa, zingine zaidi. Kadi ya giga 32 inakupa masaa tano hivi alafu inaanza kufuta za zamani iandike juu yake. Kisumu hadi Nakuru, kwenda na kurudi, umeshaizungusha kadi yote mara moja na zaidi. Sasa kadi ya kawaida ya simu haikutengenezewa hiyo kazi, inachoka kila ikiandikwa upya, siku moja inajifunga: inasoma lakini haiandiki. Taa inawaka, skrini inaonyesha barabara vizuri kabisa, na hakuna kitu kinaingia. Tafuta zile zimeandikwa "High Endurance" kwa pakiti, bei iko juu kidogo lakini zimetengenezewa kuandikwa mchana kutwa.

Alafu kuna feki. Imeandikwa giga 128, ndani ni 8. Itaandika vizuri hadi ile 8 ijae, ikifika hapo inaanza kuharibu faili na wewe hujui. Kabla uweke kwa kamera iweke kwa kompyuta upige H2testw, ni programu ya bure ya kupima kadi, inajaza kadi yote alafu inaisoma tena. Kadi kubwa itachukua masaa, wacha ichukue, ikipatikana ni ya uongo unairudisha dukani risiti ikiwa bado iko mfukoni. Na formati, yaani kufuta kadi yote ianze upya, ifanyie ndani ya kamera yenyewe usifanyie kwa simu, kwa sababu kadi za kupita giga 32 huja na mpangilio wa faili unaitwa exFAT na kamera zingine zinataka mwingine, FAT32, hapo ndio mtu anaona "card error" anafikiri ameuziwa mbovu. Mimi huambia wateja mara moja kwa mwezi. Siku ya kulipa renti, formati kadi.

ProboxKondele, Kisumu
Yangu iliuawa na jua. Mimi ni wa teksi, naegesha Dunga nikingoja watu wamalize samaki, saa saba mchana, vioo vimefungwa. Siku moja narudi kwa gari naona gamba la nyuma la kamera limefura kama mandazi. Betri ya ndani, ile ya lithiamu, imevimba. Niliitoa na kitambaa nikaiweka kwa mchanga huko nje nikasimama mbali, na sina aibu kusema nilikimbia kidogo.

Saa hii niko na ya supakapasita. Haina betri, inashika stima ya sekunde chache tu ya kumalizia faili ukizima gari, na joto inavumilia kuliko betri. Ubaya wake huwezi kuichomoa ukapiga nayo video nje, ukitoa waya imezima hapo hapo.

Kitu ingine ni kile kikombe cha kunyonya kioo. Hiyo joto ya Kisumu inakiachilia. Kilidondoka Mamboleo kwa paja la mama fulani, akapiga nduru akidhani tumerushiwa jiwe, nusura abiria washuke gari ikitembea. Nikahamia kwa gundi ya 3M. Kioo upanguse na spiriti kwanza, ikauke, finya kama unapima nguvu, alafu kamera usitundike hadi kesho yake.

WayaKibuye
Na usibandike kwa zile doti nyeusi za juu ya kioo, hazishiki. Kaa nyuma ya mirror upande wa abiria, penye waipa inafika. Watu wanaweka pembeni kabisa, mvua ikinyesha kamera inarekodi maji.

LoriMalaba
Mimi ni Mombasa–Malaba. Lori ni volti 24, boss akanunua kamera ya gari ndogo na chaja yake ya 12. Nikaichomeka tukitoka Mau Summit, harufu ikatangulia moshi ukafuata, tanboi akaamka akashika mlango tayari kuruka. Kamera yenyewe ilipona kwa sababu inakula volti 5 tu, kilichoungua ni ile adapta ya laita. Angalia imeandikwa 12–24V kabla uchomeke. Na ukungu wa Timboroa usiku hakuna kamera inaona kitu, usidanganywe na hizo 4K zenu.

MwalimuKakamega
Yangu ilikuwa betri ya gari. Nilitaka ile modi ya paking, irekodi hata nikiwa darasani, maana kuna mtu alikuwa anakwaruza gari uwanjani na namjua lakini sina ushahidi. Fundi wa mtaani akachukua waya akaingiza kwa fyuzi moja hivi, akasema mwalimu imeisha. Jumatatu gari haiwaki. Tukapiga jampa. Jumatano haiwaki. Nikanunua betri mpya, wiki moja na yenyewe chini, wanafunzi wa kidato cha nne ndio wananisukuma kwa geti na unajua venye hao watoto wanasukuma gari ya mwalimu, wanaimba.

Kumbe aliunganisha kwa fyuzi yenye moto saa zote, bila kitu cha kukata. Nikaenda kwa fundi mwingine Lurambi, akaweka kile kisanduku kidogo cha waya tatu: moja ya moto wa saa zote, moja ya moto unaokuja ukiwasha switi, na ya tatu kwa bodi la gari. Rangi za waya zinabadilika kampuni kwa kampuni, alizipima na testa hakubahatisha. Na kisanduku kina kaswichi ka volti, betri ikishuka hadi hapo kinakata stima ya kamera. Yangu ilitoka dukani ikiwa 11.8, akasogeza hadi 12.4. Betri iliyojaa gari ikiwa imezimwa huwa 12.6 hivi, kwa hiyo ukingoja ifike 11.8 umebakisha nini? Tangu hapo nawaka kila asubuhi.

Mkwaruzaji nilimpata. Alikuwa mbuzi wa shule.

FielderNaks
😂😂 mwalimu

NoahNjoro
Mimi sikununua, gari ilikuja nayo kutoka Japani. Menyu yote Kijapani. Nikatumia ile programu ya simu ya kutafsiri kwa kuelekeza kamera kwa maandishi, nikaelewa nusu, lugha ingine haikuwepo ndani kabisa. Sasa shida ilikuja nilipogongwa Free Area mchana saa nane, afisa anaangalia video, saa inasoma 20:04. Akaniuliza, na hili jua la saa mbili usiku ni la wapi? Japani iko masaa sita mbele yetu na mimi sikuwa nimewahi kugusa saa. Tulielewana lakini ilichukua maelezo. Kama yako ina jipiesi (GPS, ile ya setilaiti) itajirekebisha yenyewe ukiweka GMT+3. Kama haina na kila ukiwasha inarudi mwaka wa zamani, kabetri kake ka ndani ka kushika saa kamekwisha.

MamaDemio, Bungoma
Mimi zangu ni mbili na mafundi wote walinidanganya. Ya kwanza redio. Nikiwasha kamera redio inakwaruza, nikizima redio safi. Ati nibadilishe antena. Nikabadilisha, wapi. Kijana wangu wa chuo alikuja likizo akachomoa chaja ya kamera, ile ya bei rahisi ya kwa laita, akaweka ingine ya maana, redio ikanyamaza kukwaruza. Waya pia fundi alikuwa ameupitisha bega kwa bega na waya wa antena, kijana akausogeza upande mwingine.

Ya pili ilikuwa inaandika kadi imejaa na hiyo kadi ni mpya, nimeipima hivyo hivyo kama WayaKibuye amesema. Kumbe ni ji-sensa. Kile kitu kinasikia gari ikigongwa kinafungia hiyo video isifutwe, sasa mimi napiga murram kutoka nyumbani hadi lami na matuta yasiyo na rangi, kila tuta kamera inadhani nimegongwa, inafungia. Mwezi mmoja kadi yote ni matuta. Nimeweka kwa "low" na zile zilizofungiwa nikafuta, sijaona tena hiyo meseji. Mtu wa barabara zetu asiwache hiyo kitu juu.

WakiliMtaani, Eldoret
Kidogo tu kwa wenye video za ajali. Usitume kwa WhatsApp alafu ufute ya asili, WhatsApp inabana video hadi namba ya gari inakuwa uji. Toa kadi, weka ingine, hiyo ya ajali ifungie bahasha. Kesi ikifika kortini sheria yetu ya ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti cha kueleza hiyo video ilitoka kwa kifaa gani na ilitolewa aje, kwa hiyo andika mapema nani alitoa kadi na siku gani. Na nyinyi wa teksi zimeni maiki ama muwaambie abiria, Data Protection Act ya 2019 inagusa hata hiyo.

ProboxKondele
Maiki nimezima kitambo wakili, kwa sababu ya maneno ya bibi yangu si ya abiria.

WayaKibuye
Mmoja amenipigia simu badala ya kuuliza hapa kwa hiyo najibu hapa: ile nguzo ya kando ya windskrini, kama imeandikwa AIRBAG, waya upite nyuma ya ile mfuko, usiwahi pita mbele. Ikifumuka siku moja itakurushia waya na plastiki usoni. Kama hujui kufungua nguzo pita chini ya dashibodi uishie hapo.

FielderNaks
Nimerudi. Kadi mpya ya giga 64 nimeipima usiku kucha, ni ya ukweli. Nimeformati ndani ya kamera, nimezunguka Section 58 hadi Lanet na kurudi, nimefungua kwa laptop, kila kitu kiko, hata nyanya nilizonunua zinaonekana. Sasa nimepata moyo nikafunga na ya nyuma mwenyewe, waya nimeupitisha kwa ile mpira ya buti, picha inakuja lakini dunia imepinduka, magari yanatembea juu ya mawingu. Nimetafuta kwa menyu ya kupindua tangu saa kumi.

MwalimuKakamega
Fungua skrubu uzungushe kamera, buda.