Mrejesho: kona za bomba la gata kuvuja ukutani

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini maji yanachuruzika ukutani kutoka kwenye maungio ya kona za bomba linaloshusha maji ya mvua kutoka kwenye gata (mfereji wa ukingoni mwa paa). Aliyesema nitazame ncha zilizofinywa (zilizobanwa ziwe nyembamba kidogo) ndiye aliyepatia: lazima zielekee chini, ziingie ndani ya kipande kinachofuata. Fundi alikuwa amezifunga kinyume, zikielekea juu, maji yakawa yanatokea nje. Nimezigeuza zote na kufunga skrubu mbili fupi kila kiungo (ndefu hunasa majani). Chini ya ukingo wa paa nimetoa kona za nyuzi 90, nikaweka mbili za 45 na kipande cha bomba katikati. Ukuta mkavu.

Silikoni pekee haikusaidia, ilibanduka bati lilipotanuka kwa jua. Kona ya chini kabisa bado inaziba. Wavu mdomoni mwa bomba umepunguza tu.