Peppercorn au Iron Ore: ipi kwa sebule inayotazama ziwa?

MkaziWaBwiru: Mwangaluka wadau. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5, dirisha kubwa linatazama ziwa upande wa magharibi. Mke wangu anataka kijivu kizito ukuta mmoja, ule wa nyuma ya tivii. Tumebaki na rangi mbili za kampuni ya Sherwin-Williams ya Marekani: Peppercorn (SW 7674) na Iron Ore (SW 7069). Kwenye simu naona ni ileile.

FundiIgoma: Ukutani hutaona ileile, kaka. Kuna kipimo kinaitwa LRV, kiasi cha mwanga ambao rangi inaurudisha. 0 ni nyeusi kabisa, 100 nyeupe kabisa. Peppercorn ina 10, Iron Ore 6. Hiyo 6 shangazi yako akija atauliza kama mlikuwa mnapikia kuni sebuleni.

DagaaMkavu: Mimi ninayo Iron Ore. Saa kumi na moja jioni jua likiingia, ukuta unapendeza kama mawe ya Bismarck ya hapa Mwanza yakilowa mvua. Usiku ni nyeusi tii. Umeme ukikatika ndiyo usiseme.

MamaKirumba: Peppercorn nayo ina vituko. Chini ya taa nyeupe ilielekea zambarau, nikamgombeza fundi bure. Nilipoweka taa za njano ikatulia. Fundi nimeshamwomba radhi.

MkaziWaBwiru: Na vile vidudu vya ziwani vinavyokuja kama wingu? Kuta zangu nyeupe zimejaa madoa.

FundiIgoma: Madoa yao yatajificha, ila vumbi litaonekana. Usichukue isiyong'aa kabisa, ukiifuta sana inabaki na alama. Chukua siliki, ile yenye mng'ao kidogo, lakini ukuta uskimiwe (upakwe lipu laini) ukae sawasawa, maana siliki haifichi bonde hata moja. Tena rangi nzito hizi hazina weupe mwingi ndani yake, hazifuniki upesi. Anza na praima (rangi ya msingi) ya kijivu, la sivyo kupaka mara mbili hakutatosha. Kama unachanganyisha kampuni nyingine, peleka kadi ya rangi yenyewe mashine iisome, usimtajie muuzaji jina tu. Na kwanza paka vipande viwili vya hadibodi, uviegemeze ukutani siku nzima.

MkaziWaBwiru: Mrejesho. Mchana mimi nilikuwa Iron Ore. Saa mbili usiku mke wangu akazima taa ya katikati, akaniambia nikionyeshe kipande changu kiko wapi. Nimenunua Peppercorn, na taa za njano nne.

MamaKirumba: 😂 Mpe hongera shemeji.