Mbunge wa upinzani Ayalandi akiongelea hospitali bungeni, kuna kinachobadilika kweli?

Kaskazi_Galway:
Wakuu habari za saa hizi. Mimi nipo huku Ayalandi, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na zamu za usiku watu wakishalala najisomea mijadala ya bunge lao, wenyewe wanaliita Dáil. Kila neno linalosemwa mle linawekwa kwenye tovuti ya bunge, bure kabisa, na unaweza kutafuta kwa jina la mbunge ukaona kila alichowahi kuongea.

Sasa nimenasa kwa mama mmoja, Róisín Shortall. Alikuwa mbunge wa Dublin North-West kuanzia 1992 mpaka 2024 alipoamua kutogombea tena, miaka mingi akiwa upinzani, na ni mmoja wa walioanzisha chama cha Social Democrats 2015. Ukisoma michango yake ni huduma za jamii mwanzo mwisho, mara foleni za hospitali, mara maeneo ya watu wa kipato cha chini kukosa madaktari wa familia, mara wazee wanaotaka kuhudumiwa nyumbani kwao. Anaongea bila kelele, na namba anazo.

Swali langu ni hili, serikali ndiyo yenye wabunge wengi na kura ikipigwa inashinda, sasa mbunge wa upinzani akisimama miaka yote hiyo anapata nini? Na kuna kitu kinaniudhi, unakuta kauliza swali la maana kabisa halafu waziri anajibu kwamba ameiomba HSE imjibu mheshimiwa moja kwa moja, imeisha hiyo. HSE ndiyo inayoendesha hospitali, sawa, lkn si ipo chini ya waziri huyohuyo? Naomba wanaoelewa siasa za huku wanieleweshe.

Mkazi_Dublin7:
Mkuu umeuliza kitu kizuri, ngoja niandike kwa kirefu kidogo maana huyu mama namfuatilia tangu yupo chama cha Labour.

Kwanza ujue aliwahi kuwa serikalini. 2011 alipewa unaibu waziri kwenye wizara ya afya, upande wa huduma za msingi. Zilikuwa zinachaguliwa sehemu za kujenga vituo vya afya na yeye alitaka vianze kule wenye shida walipo wengi, basi orodha ikaja kuongezwa sehemu nyingine na waziri wake James Reilly, mbili kati ya hizo, Swords na Balbriggan, zipo kwenye jimbo la waziri mwenyewe. Septemba 2012 mama akaandika barua akajiuzulu unaibu waziri, na kundi la wabunge wa Labour bungeni akalitoka pia, ila ubunge akabaki nao. Ndo maana akiongelea afya hata wasiompenda wanakaa kimya wanasikiliza, wanajua hakukimbia kazi, aliacha cheo kwa sababu ya jambo hilohilo analoliongelea.

Pili, na hapa ndo jibu la swali lako lilipo. Uchaguzi wa 2016 hakuna aliyepata wingi, chama cha Fine Gael wakaunda serikali dhaifu ambayo bila chama kingine kikubwa, Fianna Fáil, kukubali kukaa pembeni isingesimama. Upinzani ukapata nafasi ambayo kwa kawaida hawaipati. Ikaundwa kamati ya wabunge 14 wa vyama mbalimbali kuangalia afya ya nchi kwa miaka 10 ijayo, mwenyekiti akawa Shortall, wakakaa karibu mwaka mzima wanasikiliza madaktari, manesi, wachumi, wagonjwa. Mei 2017 ripoti ikatoka, inaitwa Sláintecare. Ndani wameandika kwamba mtu atibiwe kulingana na ugonjwa wake na siyo pesa yake, huduma kwa wagonjwa wa malipo binafsi ziondolewe kwenye hospitali za umma, na muda wa kusubiri uwe na mwisho: wiki 10 kumuona bingwa, wiki 12 kufanyiwa upasuaji, siku 10 kupata kipimo.

Sasa soma hotuba zake za baada ya hapo utaona kitu, kila waziri anayekuja anaulizwa mle mlikubali wiki 10, mmefika wiki ngapi? Waziri hawezi kusema hayo ni maneno ya upinzani kwa sababu chama chake kilikuwemo kwenye kamati. Hiyo ndo kazi aliyoifanya, aliwafanya waandike ahadi wenyewe halafu akabaki mle ndani kuisoma kila wiki.

Na usitegemee mbunge wa upinzani kuleta muswada wa kuongeza bajeti ya hospitali, katiba yao ibara ya 17 imefunga, bunge haliwezi kupitisha matumizi ya pesa mpaka serikali yenyewe ipendekeze. Kwa hiyo akibaki upinzani silaha zake ni kuuliza, kamati, na hoja binafsi ambazo hata zikipita serikali hailazimiki kuzitekeleza.

Bahari_Tulivu:
Mkazi_Dublin7 umeeleza vizuri ila mimi nakataa kidogo. Ripoti ya 2017 ilikuwa ya miaka 10, leo bado wapo wanaosubiri bingwa zaidi ya mwaka. Septemba 2021 hata waliopewa kazi ya kuusimamia mpango, mkurugenzi wake Laura Magahy na mwenyekiti wa baraza la ushauri, wakaachia ngazi wote wawili. Karibu nusu ya wananchi bado wanalipa bima binafsi ili wasikae foleni. Na hospitali mpya ya watoto pale Dublin je? Upinzani umepiga kelele kuhusu gharama zake miaka na miaka na bado 2024 serikali ikaidhinisha bajeti ya zaidi ya yuro bilioni 2.2. Kuuliza wameuliza sana tu, pesa ikaenda. Namheshimu sana huyo mama lkn tusiwape watu matumaini kwamba mjadala peke yake unaponya mgonjwa.

Nesi_Cork:
Bahari nakuelewa, na hasira yako ni halali kabisa. Mimi nipo wodini huku na nikuambie mjadala unafikaje kwetu.

Chama cha manesi na wakunga, INMO, kila asubuhi ya siku ya kazi kinahesabu wagonjwa waliokwisha kulazwa lakini hawana kitanda, wapo kwenye machela korido. Tarehe 3 Januari 2023 walifika 931 nchi nzima. Siku zile ndani ya korido hupiti na kiti cha magurudumu, unamhudumia bibi wa miaka 80 na zaidi mbele ya watu, hakuna pazia, taa haizimwi usiku kucha, na choo kipo mbali. Bunge likiwa linakaa, mchana unasikia namba ileile ya asubuhi inasomwa mle kwenye maswali kwa waziri mkuu. Hainipi kitanda siku hiyo, ni kweli, ila bila mtu kuisoma pale hakuna hata mmoja juu ambaye angelazimika kuitolea maelezo.

Na yapo yaliyobadilika, tuyaseme. Zamani mgonjwa wa kulazwa asiye na kadi ya matibabu ya bure alikuwa anatozwa yuro 80 kwa siku mpaka zifike 800 kwa mwaka. Watoto wa chini ya miaka 16 walifutiwa 2022, na Aprili 2023 wakafutiwa wote. Machi 2023 ukaja mkataba mpya wa madaktari bingwa, anayeusaini anahudumia wagonjwa wa umma tu akiwa hospitali ya umma. Yote mawili yametoka kwenye Sláintecare. Waziri aliyeyatekeleza ni Stephen Donnelly, ambaye 2015 alianzisha Social Democrats pamoja na Shortall na Catherine Murphy, akatoka 2016, akajiunga Fianna Fáil, akaja kuwa waziri wa afya 2020. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha serikali anaulizwa na mama aliyeanzisha naye chama.

Kaskazi_Galway:
Dada Nesi asante, sikujua hilo la Donnelly aisee. Nimerudi kusoma majibizano yao upya na kweli yana uzito mwingine kabisa. Vipi kuhusu lile la waziri kusema HSE itajibu?

Mkazi_Dublin7:
Hilo hata wabunge wenyewe wanalilalamikia, maana jibu la HSE linaenda kwa mbunge kwa barua na ukisoma mjadala wa siku ile unakuta swali bila jibu lenyewe. Ila wabunge wazoefu hawaishii hapo, wakipata ile barua wanaichukua namba iliyomo wanarudi nayo kwenye kamati ya afya na wakuu wa HSE wakiwa wamekaa mezani, hapo hakuna wa kumtupia mwingine. Ukitaka kumsoma Shortall akiwa kwenye ubora wake soma kamati, bungeni dakika zinahesabiwa na spika anakata.

Na hizo dakika ndo zilizoleta ugomvi mkubwa 2025. Wabunge huru (wasio na chama) wa kundi la Michael Lowry walikuwa wanaiunga mkono serikali na wakataka pia muda wa kuuliza unaopewa upinzani, upinzani ukachachamaa mpaka Januari uchaguzi wa waziri mkuu ukaahirishwa kwa siku moja. Wengine waliona ni ugomvi wa kitoto. Mimi siuoni hivyo, muda wa kuuliza ndo mali pekee ya upinzani, anayeukata anazuia foleni yako wewe mgonjwa isitajwe.

Nesi_Cork:
Kaskazi kitu kimoja cha mwisho kwa sababu upo huku. Mtu asiye raia hapigi kura ya wabunge (Waingereza tu ndo wanaruhusiwa) lkn madiwani unachagua ukishajiandikisha kama mkazi, wengi wetu hatujiandikishi. Na mbunge wa eneo lako unaweza kumuandikia hata kama humpigii kura, wengi wana ofisi mtaani na siku za kuonana na watu. Kama una mzee hapo kazini au ndugu amekwama foleni, mbunge anaweka swali la maandishi kwa waziri, jina la mgonjwa haliandikwi kwenye kumbukumbu, utaona tu "mtu ambaye maelezo yake yametolewa". Yapo maswali ya aina hiyo kwa maelfu. Uandike tarehe aliyopewa rufaa, jina la kliniki na barua ya mwisho aliyopokea, na ni vizuri mgonjwa mwenyewe asaini kukubali.